Alama Kabla ya Somo

Iko tabia moja iliyoota mizizi miongoni mwa wapenzi wa mchezo wa besiboli huko Marekani ambayo mimi, niliyekula chaki kwa miaka thelathini na minane, siwezi kuinyamazia. Kila mwaka katika mwezi wa Julai, klabu 30 za ligi kuu huchagua vijana wa mchezo wa ridhaa kutoka shule za sekondari na vyuo. Majina huitwa kwa duru 20, na zoezi linapokwisha vijana wapatao 600 wamekwisha kuitwa. Basi kabla jua la siku ya pili halijatua, mashabiki nao wamekwisha kusahihisha: klabu hii imepata A, ile C, na ile nyingine imefeli. Nasema wazi tangu mwanzo kwamba alama hizo ni dhuluma kwa kijana, na ni msamaha wa bure kwa wakubwa waliomchukua.

Ndugu msomaji, huenda hujapata kuutazama mchezo huu, kwa hiyo nieleze kidogo. Uteuzi huo ulianza mwaka 1965. Shabaha yake ilikuwa kuzipa klabu dhaifu nafasi ya kuchagua mwanzo, ili matajiri wasikombe vipaji vyote. Siku hizi, tangu mwaka 2023, nafasi sita za kwanza hupangwa kwa bahati nasibu, lakini shabaha ni ile ile. Kijana akiitwa haendi kucheza ligi kuu kesho yake. Hupelekwa katika ligi ndogo, akapanda ngazi moja baada ya nyingine, na wengi huchukua miaka mitatu, minne au mitano. Walio wengi hawafiki juu kamwe. Kwa lugha yetu ya shule, siku ile ni siku ya kupokea kidato cha kwanza. Mtihani wa mwisho uko mbali.

Haya siyasemi kwa kusikia tu. Mwanangu mmoja anaishi St. Louis, jimbo la Missouri, mji ambao watu wake wanaipenda klabu yao kama sisi tunavyozipenda Simba na Yanga. Nimekaa kwake mara mbili. Siku moja mjukuu wangu alinijia kwa unyonge, akasema, "Babu, mwaka huu tumepata D." Nikamwuliza, "Amesahihisha nani? Na somo lilifundishwa lini?" Akacheka, akidhani babu anafanya utani. Sikuwa nafanya utani hata kidogo.

Chuoni kwetu wakufunzi walitufundisha jambo moja ambalo sikupata kulisahau: huwezi kutoa alama kwa somo ambalo halijafundishwa. Waweza kupima mtoto amekuja na nini, lakini hicho ni kipimo cha kuanzia kazi. Na ajabu ni kwamba wasaka vipaji wa besiboli wenyewe wanalijua jambo hili vizuri kuliko mashabiki. Wao hupima kwa kipimo cha kuanzia 20 hadi 80, ambapo 50 ni wastani wa mchezaji wa ligi kuu. Hupima kupiga mpira, nguvu, mbio, kurusha na kudaka. Kisha kwa kila jambo huandika alama mbili: ya leo, na ile wanayoitarajia kesho. Baina ya alama hizo mbili ndimo ilimo kazi yote ya mwalimu. Shabiki yeye huzichanganya zikawa moja, akaigonga muhuri.

Wahenga wetu walisema nyota njema huonekana asubuhi. Methali hii ndiyo inayowapa kiburi watoa alama wa siku ya kwanza. Lakini wahenga hao hao walisema pia kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na katika besiboli methali hii ya pili ina mashahidi wengi. Mwaka 1966 klabu ya New York Mets ilipewa nafasi ya kwanza, ikamwita mdakaji kijana, Steve Chilcott. Aliumia bega, na hakucheza ligi kuu hata siku moja. Aliyeitwa wa pili alikuwa Reggie Jackson, ambaye mapigo yake 563 yalivuka ukuta wa uwanja, na mwaka 1993 akaingizwa katika jumba la mashujaa wa mchezo huo kule Cooperstown. Ni mwalimu gani wa haki ambaye angemwandikia Chilcott sifuri kwa sababu ya bega lake?

Shahidi mkubwa kuliko wote ni Mike Piazza. Mwaka 1988 uteuzi ulikuwa mrefu sana, na klabu ya Los Angeles Dodgers ilimwita katika duru ya 62, akiwa kijana wa 1390. Tena waliita jina lake kama hisani tu, kwa kuwa kocha wao Tommy Lasorda alikuwa rafiki wa baba yake. Mtoa alama wa siku ile, kama angefika duru ya 62 bila kusinzia, angesema nini? Piazza hakuwa hata mdakaji. Alifundishwa kudaka, na kwa ajili hiyo alikwenda mpaka kambi ya klabu iliyoko Jamhuri ya Dominika. Mwaka 1993 alitajwa mchezaji bora miongoni mwa wageni wa ligi. Hatimaye alipiga mapigo ya nje 427, na mwaka 2016 naye akaingia Cooperstown. Kilichomfikisha huko ni jasho lake na watu waliokubali kumfundisha.

Na hao watu wa St. Louis, majirani wa mwanangu, wana shahidi wao nyumbani. Albert Pujols aliitwa mwaka 1999 katika duru ya 13, akiwa wa 402. Kila klabu ilimpita mara nyingi, na St. Louis yenyewe iliita wengine kabla yake. Alistaafu mwaka 2022 akiwa na mapigo ya nje 703. Mji wenye kumbukumbu kama hiyo ungekuwa wa mwisho kumhukumu kijana asubuhi ya pili.

Isitoshe, mara nyingi mtoa alama hajui hata swali lililoulizwa. Kila klabu hupangiwa kiasi cha fedha za kuwasainisha vijana wake wa mwanzo. Mwaka 2012 wengi walitazamia kwamba Houston Astros wangemwita mrushaji Mark Appel. Badala yake wakamwita Carlos Correa, kijana wa miaka 17 kutoka Puerto Rico, wakamsainisha kwa dola milioni 4.8 ilhali nafasi yake ilikuwa na thamani ya dola milioni 7.2. Sehemu ya fedha iliyobaki ikawawezesha kumpata Lance McCullers, aliyeitwa wa 41. Anayeitazama nafasi ya kwanza peke yake ameona nusu ya hesabu.

Mwaka uliofuata, 2013, Houston wakamwita Appel wa kwanza. Aaron Judge, aliyepiga mapigo ya nje 62 mwaka 2022, aliitwa wa 32. Appel alisumbuliwa na majeraha, na mwaka 2018 akaacha mchezo. Kwa miaka mingi wapenzi wa besiboli walimwita kwa neno ambalo kwa Kiswahili chetu ni "hasara". Mtu mzima, mwenye mama na baba, anaitwa hasara kama gunia la mahindi lililonyeshewa! Alirejea mwaka 2021, na mwaka 2022, akiwa na miaka 30, alipanda jukwaa la mrushaji katika ligi kuu akiwa na Philadelphia. Waliomwita hasara sikusikia wakifuta alama yao.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa shabiki hununua tiketi, kwa hiyo ana haki ya kusema. Aidha nitaambiwa kwamba wanaoitwa duru ya kwanza hufika ligi kuu kwa wingi kuliko wanaoitwa mwishoni. Yote mawili ni kweli. Lakini haki ya kusema si haki ya kusema lolote. Na kama wanaoitwa mwanzo hufika kwa wingi, basi hiyo ni sifa ya wasaka vipaji waliozunguka viwanjani mwaka mzima. Haimpi cheo cha msahihishaji mtu aliyelisikia jina la kijana kwa mara ya kwanza usiku uliopita.

Shabiki mwenye hasira aipeleke mahali inapostahili. Uteuzi uliokuwa na duru 40 hadi mwaka 2019 sasa una duru 20. Mwaka 2021 timu za ligi ndogo zilizofungamana na klabu kubwa zilipunguzwa zikabaki 120. Yaani madarasa yamefungwa, na nafasi za kuchelewa kukomaa zimepungua. Hadi makubaliano ya mwaka 2023 wengi wa vijana hao walilipwa ujira wa aibu. Makubaliano hayo ndiyo yaliyoweka kima cha chini cha dola 19,800 kwa mwaka katika ngazi ya chini kabisa. Wakati hayo yakitendeka, ni mashabiki wangapi walioipa klabu yao F?

Kwa hiyo natoa shauri la mwalimu mzee. Orodha ya majina ikitoka, shabiki aisome, ajifunze kila kijana ametoka wapi na ana nini mkononi, kisha aiweke kabatini kwa miaka sita. Siku ya kuitoa aulize: nani aliwafundisha, walilala wapi, walikula nini, aliyeumia alitibiwa na nani? Hapo ashike kalamu nyekundu. Na alama ya kwanza aiandike mbele ya jina la klabu.