Betri bila kipimo ni hasara kwa wavuvi wa Kilwa

GESI ya Songo Songo, wilayani Kilwa, ilianza kufika Dar es Salaam mwaka 2004. Hata hivyo, mvuvi aliyekwenda dago kwenye visiwa na fukwe za pwani hiyo anategemea betri: awashe taa, asikilize redio na achaji simu ya kumtafutia mnunuzi kabla samaki hawajaharibika.

Wanunuzi wengi wa umeme wa jua huuliza ukubwa wa paneli na bei ya betri. Wachache huuliza watajuaje kilichobaki ndani. Nahodha hupima mafuta kabla ya kung'oa nanga, lakini mwenye betri husubiri taa ififie. Hapo ameshachelewa.

Betri ya asidi ikimalizwa mara kwa mara na kuachwa bila chaji, sahani zake za risasi hushika salfeti ngumu na uwezo wake hupungua. Ndiyo maana hushauriwa isitumike chini ya nusu. Nusu ya betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 huwasha taa sita za wati 10 kwa saa 10 hivi.

Chukua mfano wa betri ya Sh300,000. Ikifa baada ya mwaka mmoja, imemgharimu mwenyewe Sh25,000 kila mwezi. Ikidumu miaka mitatu, ni takriban Sh8,300 tu.

Kipimo rahisi ni mita ya volti. Betri ya asidi iliyopumzishwa saa kadhaa ikisoma volti 12.7 imejaa, 12.2 iko karibu nusu na 11.8 imekwisha. Tatizo ni kwamba dagoni betri haipumziki: mchana inachajiwa, usiku inatumika. Kwa betri za lithiamu ni vigumu zaidi, kwani volti zake hazishuki sana mpaka chaji inapokaribia kwisha.

Kipimo bora ni kile kinachohesabu umeme unaoingia na unaotoka. Hufungwa kwenye upande wa hasi wa betri, na nyaya zote za hasi, za kuchaji na za matumizi, lazima zipitie hapo. Fundi akiunga waya mmoja moja kwa moja kwenye betri, hesabu yote huwa ya uongo.

Wapo watakaosema hiyo ni gharama ya ziada kwa mtu wa kipato kidogo. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama betri zingetolewa bure. Vyama vya akiba na mikopo vinavyokopesha vifaa vya sola viweke sharti: hakuna mkopo wa betri bila kipimo. Betri ikifa kabla ya deni kwisha, mkopaji hulipa akiwa gizani.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la betri ni kipimo chake.