Ianguke Kwanza Kwenye Skrini
Vijana wa Kilosa na Mikumi wanaotamani kurusha ndege ndogo za rimoti waanzie kwenye kompyuta, kwa programu ya kuigiza urushaji. Kinachowashinda wengi ni mwelekeo: ndege ikiwa inakujia, ukisukuma kijiti kulia, wewe unaiona inalalia kushoto. Akili hushtuka, mkono hukosea, na ndege ya kweli huwa vipande kabla hujajua kosa ni lipi. Kwenye skrini unabonyeza kitufe unairusha tena, mpaka vidole vizoee. Na kwetu huu si mchezo mtupu. Tembo wa Hifadhi ya Mikumi huingia kwenye mahindi ya wakulima, na kandokando ya Tarangire na Serengeti askari wa wanyamapori wamekwisha kutumia droni kuwafukuza. Mvumo wa droni huwakimbiza tembo. Droni nyingi hujituliza zenyewe hewani, lakini ndege ya mabawa haisamehe makosa, ndiyo maana napenda mwanafunzi aanze na hiyo ngumu. Sekondari zenye kompyuta zifungue vilabu vya jioni, hata kwa mashine mbili. Siku ya kwenda uwanjani, vibali vya serikali viwe mkononi, na ndani ya hifadhi asirushe mtu bila ruhusa ya Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA).