Dawa Bure, Chungu Kitupu



Wapendwa Taifa la Mungu, juma hili nawaalika tuitafakari sura ya tano ya Injili ya Marko. Bwana wetu anamfufua binti Yairo, na watu wanastaajabu mno. Yeye hangoji kusifiwa. Anawakumbusha waliopo kwamba mtoto huyo anahitaji kula. Aliyemrudishia uhai hakuona chakula kuwa jambo dogo lisilomhusu.

Sasa tujitazame. Tangu mwaka 2004 dawa za kupunguza makali ya Virusi vya UKIMWI zinatolewa bure nchini mwetu. Ni neema kubwa, lakini tumeigeuza kuwa kisingizio. Mgonjwa aliyekonda akiomba unga, husikika maneno haya: "Dawa anapewa bure, anataka nini tena?" Ndugu zangu, kauli hiyo ni ya kikatili, tena ni ya kijinga.

Shirika la Afya Duniani lilikwisha eleza mwaka 2003 kwamba mtu mzima mwenye VVU asiye na dalili huhitaji nguvu ya chakula zaidi kwa asilimia 10, na mwenye dalili kwa asilimia 20 hadi 30. Dawa zinapoanza kufanya kazi, hamu ya kula hurejea, na njaa huuma kuliko awali. Wapo wanaoacha vidonge kwa kuogopa kuvimeza na tumbo tupu. Hapo dawa ya bure imepotea bure.

Wengine watadai kwamba wataalamu wamekwisha kuona chakula hakisaidii. Watataja utafiti wa Mwanza na Lusaka uliochapishwa mwaka 2015. Wagonjwa 1,815 waliodhoofu, waliokuwa wakianza dawa, walipewa wote lishe maalumu yenye mafuta. Kundi moja likaongezewa vitamini na madini kwa wingi. Walifariki 365, karibu sawa kwa kila kundi. Lakini tusome vema: kilichopimwa ni nyongeza ya vitamini na madini, si shibe dhidi ya njaa. Makundi yote mawili yalilishwa. Matokeo hayo hayawapi haki wauzao makopo ya virutubisho kwa bei ya mbuzi, wala hayamhukumu apelekaye uji. Vifo vile vingi vinatuonya tusingoje mtu abaki mifupa: apimwe mapema, aende kliniki, na aliyekonda sana alishwe kidogo kidogo kama wahudumu watakavyoelekeza.

Je, tutasema hatuna? Milima ya Uluguru hulisha masoko ya Morogoro na Dar es Salaam. Mgeta hutoa maharage, njegere, viazi, na maziwa ya mbuzi ambao Chuo Kikuu cha Sokoine kilianza kuwapeleka huko katika miaka ya 1980. Kinole na Matombo hutoa ndizi. Mgonjwa wetu halali njaa kwa sababu ardhi imemnyima. Analala njaa kwa sababu mikono yake haiwezi tena kushika jembe, nasi tunapita mlangoni pake tukielekea sokoni.

Kila mavuno tunaleta altareni mikungu ya ndizi, kuku na magunia, kisha tunavipiga mnada kwa ajili ya ujenzi. Najihukumu mimi kwanza, kwani ndiye ninayeutangaza mnada huo. Basi nasema wazi: sehemu ya mavuno isiuzwe. Ibaki chakula, ipelekwe na Jumuiya Ndogo Ndogo kwa kila mgonjwa aliyedhoofika, bila kuuliza jina la ugonjwa wake wala kumtangaza kanisani. Mwenye VVU, mwenye kifua kikuu, mzee asiye na mtu, wote wapokee kikapu kilicho sawa, ili kikapu kisimsute mtu.

Wala tusingoje wafadhili. Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, tulikumbushwa kwamba mkono wa mbali waweza kufungwa kwa saini moja. Chungu cha jirani hakihitaji saini.

Paa la kanisa linaweza kungoja msimu mwingine. Aliyeanza dawa juma hili hawezi kungoja.

Mungu awabariki nyote.

Wenu katika Kristo,
Paroko