Mbele ya aplikasio, mutuonyeshe kaye

Siku hizi ku Kambove, na ku Likasi vilevile, neno aplikasio liko ku kinywa cha kila mtu. Kooperative inataka aplikasio ya kuandika madini. Mama mwenye duka anataka aplikasio ya kuuza unga. Kijana wa taksi-moto anataka yake ya kuitiwa wateja. Hatukatai. Lakini makuta ya kuilipa yanatoka mu mfuko wa mchimbaji, na mfuko ule njo bukari ya jioni, njo minerval ya watoto, njo nyumba ya kupanga. Kwa hiyo tunasema wazi: aplikasio bila mpango ni kama shimo bila mbao. Kuingia ni rahisi.

Watu wanaanza na kuuliza fundi anaomba dola ngapi. Swali hilo lina siku yake. Kwanza tujue kazi gani moja tunataka telefone itufanyie.

Tuchukue kooperative. Sheria ya madini ya 2002, vile ilibadilishwa tarehe 9 mwezi wa tatu 2018, inataka mchimbaji wa mkono awe ndani ya kooperative yenye kukubaliwa na serikali. Fundi atakuja na kusema: tutaweka bei ya shaba ya London, kila asubuhi mutaiona. Inapendeza macho. Lakini mwenye kusimama mbele ya depo anajua kama maumivu yake hayaanzie London. Yanaanzia ku mizani na ku tenere. Tani moja ya mawe yenye tenere ya 10 kwa mia iko na kilo 100 za shaba. Mashini ya mnunuzi ikisoma 7, zinakuwa kilo 70. Kilo 30 zimepotea palepale, na bei ya London haikutikisika hata kidogo.

Aplikasio yenye kumsaidia huyu mchimbaji ni ile itaandika uzito, tenere na makuta yenye amepewa, kisha kumtumia mesaje akiwa bado anasimama pale, na bibi yake nyumbani aisome vilevile. Na mbele ya hiyo, mizani yenyewe ikubaliwe na pande zote mbili, na tenere ipimwe mara ya pili na mtu mwingine. Mizani ikidanganya, aplikasio itabeba uongo uleule, mbio zaidi.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Tunaomba kila kooperative, kabla ya kulipa fundi yeyote, iandike kaye miezi mitatu: tarehe, shimo gani, mifuko ngapi, kilo ngapi, tenere, nani alinunua, nani alilipwa. Kaye hiyo njo plani ya aplikasio. Fundi akiisoma, atajua kazi yake. Na kama kooperative inashindwa kuandika kaye kila jioni, telefone haitaandika pa nafasi yake.

Tena tuangalie telefone zenye tuko nazo. Wengi mu karieri wako na telefone ndogo ya mabutoni. Wenye kuwa na kubwa hawanunue mega kila siku. Chini ya shimo hakuna rezo, na umeme wa SNEL ukikatika, hata telefone nzuri inalala. Aplikasio yenye inadai intaneti kila saa ni ya ofisi ya Lubumbashi. Ya hapa iandike bila rezo, itume rezo ikirudi, na mchimbaji mwenye telefone ndogo apate mesaje ya kawaida.

Hiyo haiko aibu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka wa 2007 bila aplikasio, ndani ya telefone ndogo, ku menyu ya simkadi. Mu majaribio ya 2005 ilitengenezwa juu ya watu kulipa madeni ya mikopo midogo. Lakini watu wakaanza kuitumia kwa kutumiana makuta kati yao. Wenye kuitengeneza wakaangalia vile watu wanafanya, wakageuza kazi. Sisi hapa Kongo tunaijua tangu 2012. Jambo la pili ku historia yake: jina na mtambo vilibaki mali ya Vodafone ya Uingereza. Ni mwaka wa 2020 tu njo Safaricom na Vodacom walivinunua. Kama kampuni kubwa kama Safaricom ilikaa miaka 13 ikitumia kitu chenye funguo ziko kwa mwingine, kooperative ya Kambove iwe na macho.

Kwa hiyo, namna ya kutafuta fundi. Kwanza, tutafute karibu. Lubumbashi kuko vijana wenye kutoka ESIS Salama na Université de Lubumbashi, na Likasi kuko université yake. Fundi wa karibu anaweza kuja ku karieri, kuona udongo na jasho, na kurudi siku kitu kinaharibika. Pili, atuonyeshe kazi mbili zenye amekwisha kufanya, na tuongee na wenye kuzitumia. Picha ku ekra hazitoshi. Tatu, tusimlipe yote mara moja. Sehemu siku ya kuanza, sehemu wachimbaji kumi wakiisha kuijaribu wiki mbili, sehemu ya mwisho ikiisha kukaa vizuri. Na tuweke makuta kando juu ya kuitengeneza mwaka wa pili, maana aplikasio inazeeka kama mashini.

Nne, mkataba uandikwe, na kila ufunguo uwe ku jina la kooperative. Akaunti ya Google Play inalipwa dola 25, mara moja tu. Ya Apple ni dola 99 kila mwaka, na wengi wetu hatuko na telefone zake. Prezida asifungue akaunti ile ku jina lake, na fundi vilevile. Prezida akibadilishwa, ao fundi akienda Afrika Kusini, kooperative isibaki ku mlango wenye kufungwa.

Kuko jambo moja lenye watu hawaliongee. Aplikasio itajua nani aliuza nini, siku gani, na makuta ngapi aliingia nayo nyumbani. Habari hiyo ikifika ku mikono mibaya, mtu anangojewa njiani usiku. Kodi ya numeriki ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023 inalinda habari za mtu. Kooperative iandike mu mkataba nani anaweza kuona nini, na mnunuzi asiwe kati yao.

Kwa mama wa duka na kijana wa moto, neno letu ni fupi: WhatsApp yenye muko nayo na namba ya kupokea makuta ku telefone vinatosha kwa sasa. Siku maoda yanawashinda kuhesabu, rudini ku hiyo habari ya aplikasio.

Ndugu wachimbaji, bamama wenye kulinda makuta ya nyumba: mu reunion yenye kuja, mtu akisimama kuomba mchango wa aplikasio, mumuulize mambo matano. Inafanya kazi gani moja? Inatembea ku telefone yangu? Funguo ziko ku jina la nani? Nani ataona habari zangu? Na kaye ya miezi mitatu iko wapi? Akijibu yote, tulipe kwa moyo mmoja. Akikosa moja, makuta yabaki nyumbani mpaka atajibu.