BASTOLA YA GHALA ISIWE SANAMU LA KUTISHIA NYANI

Ndugu Wanachama,

Maneno yamekuwa mengi tangu bastola ya mlinzi wa ghala letu ilipogoma. Alivuta, nyundo ikagonga "ka!", basi. Wapo waliocheka. Wapo wanaosema ati angevuta tena upesi. Hao ndio ninaotaka kuwajibu, maana ushauri huo unaweza kumwua mtu.

Bastola ile ni ya kizamani, ya kichwa cha kuzunguka. Ukivuta tena, kichwa kinageuka na risasi iliyogoma inaondoka mbele ya mtutu. Kama baruti yake ilichelewa tu kuwaka, italipuka wakati haina njia ya kutokea. Chuma kitapasuka mkononi mwa mlinzi wetu. Kwa hiyo risasi ikigoma, mtutu uelekezwe pasipo na mtu, kidole kitoke kwenye kifyatulio, mlinzi ahesabu polepole mpaka sitini, ndipo afungue na kuitoa. Na ikilia kwa sauti hafifu, asipige nyingine kabisa. Huenda risasi imenasa ndani ya mtutu.

Sasa ugonjwa wenyewe ni upi? Ganda la risasi husema. Tazama fataki, ile duara ndogo katikati ya kitako chake. Ikiwa imebonyea sawasawa na risasi haikulia, ubaya ni wa risasi: imezeeka, imepata unyevu, au mafuta yameingia. Risasi zinazokaa miaka kwenye ghala la kahawa, mvua za vuli na masika zikipita, tutegemee nini? Ikibonyea kidogo tu, springi ya nyundo imechoka, pini imelika, au uchafu umeganda ndani. Kupaka mafuta ya kupikia si kusafisha. Yanaganda kama gundi. Alama ikiwa pembeni, kichwa hakisimami sawa na mtutu. Pasipo alama yoyote, pengine pini imevunjika.

Jamani, kuijua dalili si kuwa fundi. Karagwe yetu ina sifa ya uhunzi tangu enzi za wafalme wa Bweranyange, na ng'ombe wao wa chuma wanajulikana mpaka leo. Lakini springi ya bastola si jembe. Tusiipeleke kwa mhunzi wala kwa fundi baiskeli. Silaha na risasi zina sheria yake ya mwaka 2015, na kuzitengeneza ni kazi ya mwenye kibali. Njia ni moja: polisi waelezwe, wao watuelekeze kwa fundi anayetambuliwa.

Wengine wanasema, "Iacheni hivyo hivyo, mwizi anaogopa kuiona tu." Hayo ni maneno ya sanamu la shambani. Nyani wa siku ya kwanza hukimbia. Wa siku ya tatu hukaa juu ya bega lake akala mahindi. Kijiji kizima kinajua bastola imegoma. Mwizi naye ana masikio! Asiyejua ni mlinzi peke yake, tukimwambia imepona wakati haijapona. Tunamtuma kifoni na chuma kibovu ili tuokoe gharama ya risasi mpya.

Maoni yangu ni haya. Kwanza, bastola isitumike hata usiku mmoja mpaka ikaguliwe. Pili, risasi za zamani zikabidhiwe polisi, tusizitupe chooni wala motoni. Tatu, mkutano mkuu upige hesabu: matengenezo, au walinzi wawili, taa na kufuli imara? Mimi nachagua walinzi wawili. Nne, mlinzi asikatwe mshahara kwa kosa la chuma.

Kahawa ikiibiwa, msimu mwingine tutavuna. Mkono wa mtu haumei tena.

Ushirika ni nguvu.

Mwanachama mwenzenu