Mzee Aondolewe Pichani?

Kujifunza mwenyewe si kujifunza bila mwalimu. Mimi sikuingia darasa lolote la upigaji picha, lakini walimu nilikuwa nao tele: kalenda zilizotundikwa madukani Tarime na Mugumu, kila mwezi na simba wake, kila mwezi na nyumbu wake. Mtu hakuna. Kwa miaka mingi, kila nilipopiga picha karibu na hifadhi, nilimsubiri mchungaji apite kwanza ndipo nibonyeze kamera. Hakuna aliyeniagiza. Kalenda zilitosha.

Filamu ya Bernhard Grzimek juu ya Serengeti, ambayo mwanawe Michael alikufa kwa ajali ya ndege mwaka 1959 wakiwa katika kazi ile, ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Siibezi kazi yao. Waliruka angani kuhesabu wanyama na matunda yake tunayaona. Ninaloligombea ni lile kundi la wapiga picha waliofuata, na sisi wenyeji tulioiga nyuma yao, hadi ikawa Mkurya au Mwikoma akionekana pichani basi picha imeharibika.

Aliyenizindua ni Seydou Keïta wa Bamako. Alikuwa seremala, mjomba wake akampa kamera ya Kodak Brownie mwaka 1935, akajifunza mwenyewe. Hakuwa na simba. Alikuwa na ua, na shuka la kitandani mwake alilolitundika nyuma ya mteja. Na mteja anakutazama kama mtu anayejua thamani yake! Nilipoziona picha zile nilizionea haya zangu.

Wenzangu hunijibu kwamba picha ya mbuga yenye ng'ombe haiuziki. Haiuziki kwa nani? Hapa kwetu watu hununua picha za harusi, za kipaimara, za mpiga litungu akiwa amekaa chini ya mti.

Mwaka jana mteja mmoja alinirudishia picha ya Mto Mara. Nzuri, akasema, ila yule mzee na ng'ombe wake waondolewe. Kwa kompyuta ni kazi ya dakika chache. Mzee yule alizaliwa kabla hifadhi haijatangazwa mwaka 1951. Nilikataa. Fedha sikuipata, na ada ya mtoto nikaitafuta kwa picha za pasipoti.