Mbwa wa Kazi Naye Auguzwe

Agosti 2011 pembe za ndovu 1,041 zilikamatwa katika bandari ya Zanzibar, zimefichwa ndani ya dagaa wakavu. Ndugu zetu wa Visiwani wanajua basi kwamba ujangili wa bara huishia baharini.

Mbwa aliyefunzwa aweza kuinusa pembe hata ikiwa imefichwa. Mpango wa mbwa wa shirika la AWF, ulioanza mwaka 2014, uliwafunza mbwa na waongozaji wao mkoani Arusha. Lakini mbwa huyo ni mwanariadha: hukimbia, huruka, hupanda mizigo. Kano za goti hukatika. Na kwa kuwa hupoza mwili kwa kuhema, joto la bandarini laweza kumwua. Kushona jeraha hakutoshi. Nguvu za misuli hurudishwa kwa mwendo wa polepole, kuogelea na mazoezi ya kipimo.

Chuo cha mifugo cha Tengeru kipo papo hapo chini ya Mlima Meru. Twawaomba wakuu wa Serikali zetu mbili waanzishe hapo somo la tiba hiyo, na vijana wa Unguja na Pemba watengewe nafasi. Kumtumikisha mnyama pasipo kumwuguza ni dhuluma.